Mwanangu, ile mia ya sabuni

Tanga, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ni huu mguu wangu tu ndio unaamka na mambo yake asubuhi, lakini nikishakaa jikoni ukapata joto la mkaa hunyamaza. Boksi atakalokupa kondakta lina nazi kumi, ubuyu wa mume wangu, huyo mjukuu wangu, na machungwa ya Muheza. Yaliyobonyea uyakamue siku hiyohiyo. Barua nimeiviringisha kwenye gazeti nikaizamisha chini ya nazi, isije ikasomwa Segera.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nimeisikiliza sauti uliyonitumia mara nne, na kila nikitaka kukujibu nakwama katikati. Isitoshe hii simu yangu siku hizi haikai na chaji. Sasa hivi imelala kwenye waya pale dirishani.

Umesema mwalimu amekuita. Kwamba mume wangu anasoma vizuri kuliko darasa la kwanza lote, lakini akichukuliwa penseli analia badala ya kuidai, akishindwa drafti anapindua ubao, na mtu mzima akimuuliza jambo anatazama viatu. Ukasema umepata mtu hapo Dodoma anayefundisha watoto stadi laini kila Jumamosi, miezi mitatu, laki moja na nusu. Nikwambie kweli, mara ya kwanza nilidhani unazungumzia laini ya simu. Mara ya pili nikajiuliza, laini kama mlenda? Mpaka ulipotaja moja moja, kuongea na watu, kusubiri zamu, kuelewana na wenzake, kukubali kosa, ndipo nikasema peke yangu jikoni: ala, kumbe ni kutumwa dukani.

Sisemi usilipe. Jambo hili limewasumbua hata wakubwa wanaopanga masomo. Mdogo wako alikuwa na somo zima shuleni linaitwa Haiba na Michezo, na daftari lake ninalo mpaka leo. Amenakili maana ya haiba kwa mwandiko wa kupendeza, na wiki hiyohiyo niliitwa shuleni kwa kuwa amemng'ata mwenzake. Sisi wa Elimu ya Kujitegemea ile ya 1967 hatukunakili chochote. Tulipewa tuta moja watoto wanne na majembe mawili, na hapo lazima muongee, nani analima, nani anapumzika, na yule mvivu tumfanyeje. Sisifu kila kitu cha enzi zetu, maana siku nyingine tulilima mpaka kipindi cha hesabu kikapita, na shamba la mwalimu nalo tulilima. Lakini majembe mawili kwa watoto wanne, hilo nalikumbuka vizuri kuliko ubaoni kulikoandikwa nini.

Umesahau kutumwa kulivyokuwa? Mimi ndiye niliyekuwa nakutazama kutoka kibarazani mpaka unakata kona. Ulikuwa na miaka sita, kama mume wangu sasa. Nakwambia: nenda dukani, salimia kwanza, sema mama anataka sukari robo na mafuta ya taa nusu chupa, na kama mafuta hakuna usichukue sukari, rudi na hela. Ile "kama" ndiyo iliyokuwa kazi. Unakwenda unaimba njia nzima, sukari robo mafuta nusu, sukari robo mafuta nusu, ukijikwaa wimbo unapotea, unarudi mlangoni kuuliza tena umeinamisha kichwa. Ukifika, meza ya duka imekupita. Watu wazima wanapitisha mikono juu yako kana kwamba pale chini hakuna mtu. Wiki za mwanzo ulikuwa unasimama tu mpaka nakufuata. Halafu siku moja, wala hukufundishwa na mtu, ukagonga mbao kwa sarafu mara mbili, ukasema, "Shikamoo, na mimi nilifika kabla ya huyu." Mwenye duka alikuja kunisimulia anacheka mpaka anajishika mbavu. Shikamoo kwanza, haki yako baadaye. Miaka yote niliyouza vitumbua nimeona wateja wazima na ndevu zao wasioweza kudai namna hiyo.

Na hiyo shikamoo yenyewe. Watu wanadhani kumfunza mtoto salamu ni kumfunza neno. Mume wangu neno analijua, ananiambia "shikamobibi" kwa pumzi moja huku nasikia katuni inapiga kelele nyuma yake. Salamu ni kusimama. Unasimama, unaamkia, unasubiri marahaba, na katika kule kusubiri unamsoma mtu: leo ana hasira, leo anaumwa, leo ana mgeni ndani. Watoto wa hapa Ngamiani waliofunzwa kuamkia walijua bila kuambiwa nani wa kuombwa maji ya kunywa na nani wa kupitwa kimyakimya.

Mimi nilifunzwa kwenye foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 80, baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni ukizipata umebahatika, na unga tuliokula ni ule wa njano tuliouita yanga. Ikisikika tu kuna sabuni dukani, foleni inapangwa tangu alfajiri, na mwenye shughuli zake anaweka jiwe mahali pake anaondoka. Jiwe ni mtu. Nilikuwa darasa la tano. Mbele yangu palikuwa na jiwe bapa, jeusi upande mmoja, nadhani lilitolewa jikoni kwenye mafiga. Nikalitazama. Nikatazama huku na huku. Nikalisukuma kwa kidole cha mguu, pole pole, mpaka likawa nyuma yangu. Nikapata mche wa mwisho wa sabuni, nikakimbilia nyumbani najisifu ujanja wangu wote, jiwe na kila kitu.

Bibi yako hakupandisha sauti. Alimaliza kukuna nazi yake, akanawa mikono, akajitanda kanga, akasema chukua hiyo sabuni twende. Nilijua anakwenda kuniombea radhi, nikajipa moyo. Tulipofika karibu na nyumba ya yule mwenye jiwe, bibi mmoja mtu mzima wa mtaa wa pili, mama akasimama chini ya mwarobaini, hatua kama ishirini, akageukia barabarani kama mtu anayesubiri basi. Akaniambia nenda. Mwanangu, nimeshakwenda mpaka Mwanza kwa basi, lakini safari ndefu kama zile hatua ishirini sijaifanya tena. Nikasema, shikamoo bibi, mimi ndiye niliyesogeza jiwe lako. Nilikuwa nimepanga maneno mengine mengi, yote yakakauka. Yule bibi akanitazama weee, akaingia ndani, akatoka na kisu, akaukata mche katikati na nusu akanirudishia. Tukarudi nyumbani, na mama hakuniuliza tulizungumza nini. Kwenye zile hatua ishirini hakunisemea, na hakuniacha peke yangu. Mpaka leo nikimwona mzazi anamwombea mtoto radhi na mtoto mwenyewe yuko pale amejificha nyuma ya gauni, naona kama anamnyang'anya kitu.

Ungedhani basi kwamba aliyelelewa hivyo angelea hivyo. Nimezunguka kurasa zote hizi ili nisifike hapa.

Mwaka 1997, ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimetoka kuungua mkono kwa mafuta ya vitumbua, mdogo wako mchanga analia mgongoni, na baba yako hajaleta kitu siku ya tatu. Nikakutuma na noti ya 500. Ukarudi na vitu vyote sawasawa, lakini nikihesabu chenji, imepungua shilingi 100. Nikakuuliza. Ukaanza, "Mama, amesema..." Sikukuacha umalize. Kofi langu lilikuta neno mdomoni. Ukalala bila kula, na sikuja kukubembeleza.

Siku ya tatu nikapita dukani mwenyewe. Mwenye duka akanambia, wala hakujua anasema nini, "Ile mia ya sabuni nilishaikata kwenye chenji ya mtoto, nilimwambia akuambie." Sabuni niliyoikopa mimi, kwa mdomo wangu, nikasahau. Ujumbe uliubeba kama ulivyo, ukaufikisha mpaka mlangoni, na mimi ndiye niliyeumwaga.

Unajua nilichofanya? Asubuhi yake nilikuchagulia kitumbua cha katikati ya chuma, kile kinachopata moto sawasawa na kuiva rangi moja pande zote, nikakinyunyizia sukari, nikakupa bila kusema neno. Ukala. Nikajiambia yamekwisha.

Lakini kuanzia hapo, ukirudi dukani ulikuwa unaweka chenji mezani kisha unarudi nyuma hatua mbili, unasubiri nihesabu. Hatua mbili, mwanangu. Niliziona kila siku nikajifanya sizioni. Na mwaka jana uliponisimulia kwamba kikaoni kazini hesabu sahihi ulikuwa nazo wewe, mwenzako akasoma zilizokosewa na ukanyamaza mpaka kikao kikaisha, nilikujibu "jipe moyo mwanangu," nikakata simu, nikakaa palepale mpaka mkaa ukazimika. Siwezi kuapa kwamba kofi moja ndilo lililokufunga mdomo, maana mtu halelewi na siku moja. Ila lilikuwepo.

Nisamehe. Deni lilikuwa langu, wewe ulisema kweli, na hata hiyo kweli sikukuacha uimalize. Ningekuambia kwa simu ungesema "yameshapita mama," na mimi ningekubali haraka haraka. Ndiyo maana nimeandika.

(Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Mimi nimepara samaki maisha yangu yote, na hata huyo mbichi ukimkunja kwa hasira hupasuka tumbo.)

Jumanne, baada ya vitumbua

Nimerudi. Sasa tuseme ya mume wangu.

Najua kwenu si Ngamiani. Bodaboda zinapita kama zimerogwa, jirani humjui jina, na mimi mwenyewe sitaki mtoto wa miaka sita akate barabara ile peke yake. Basi usimtume mbali. Mkienda dukani mpe hela mkononi yeye, wewe simama nyuma kama bibi yako chini ya mwarobaini, ufunge mdomo. Hilo la mwisho ndilo litakalokushinda. Nilipokuja mwezi wa pili nilikuwa nakuhesabia. Muuza matunda kamuuliza, "Unaitwa nani baba?" ukajibu wewe. Nesi kamuuliza tumbo linauma wapi, ukajibu wewe. Fundi kauliza suruali inabana, ukajibu wewe. Tumbo lake, suruali yake! Kwa nini asitazame viatu, wakati kila swali linalomjia lina mtu wa kulidaka? Atanyamaza mwanzoni, na wewe utaona haya mbele za watu. Hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Muuza nyanya hatakimbia.

Kuhusu penseli, usiende shuleni kuidai. Fanya naye mchezo hapo sebuleni, wewe uwe ndiye mchukuaji. Ichukue kweli. Mpe maneno machache tu: "Hiyo yangu, naihitaji, nirudishie." Ayaseme amesimama, sauti ya kawaida, mkono ameunyoosha. Mara ya kwanza atacheka, ya pili atakasirika, labda ya tano yatatoka. Na umwambie wazi kwamba asiporudishiwa aende kwa mwalimu, na kwamba kumwambia mkubwa ukiwa umeonewa si umbea. Hilo sisi hatukuwaambia ninyi, na kuna watoto waliumia kwa sababu hiyo.

Mkwe wangu nampenda, unajua. Lakini mwambie aache kumwachia mtoto ashinde drafti kila jioni. Nilikaa pale nikatazama. Baba mzima anajifanya haoni kete ya kuliwa, mtoto anashangilia, kisha Jumatatu anakutana na mwenzake shuleni asiyejifanya. Acheze naye kwelikweli, hata kama atamtolea kete nne mwanzoni ili wawe sawa. Akipindua ubao, msimgombeze na msimcheke. Aziokote kete mwenyewe, zote, hata ile iliyoingia chini ya kochi, na mchezo wa siku hiyo uwe umeishia hapo.

Ninyi kushindwa mlijifunza kwenye rede. Nakuona bado, sketi umeibana mapajani, uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa, huku wawili wanakuwinda na mpira wa soksi. Ugomvi ulikuwa mmoja tu kila siku: mpira umegusa mwili au umegusa nguo? Nilikuwa nasikia toka jikoni. "Umenigusa sketi." "Sketi si wewe?" Robo saa nzima hakuna anayecheza, wanabishana. Mkubwa wenu akatoa wazo kwamba kabla ya kuanza mpatane nguo inahesabiwa au haihesabiwi. Siku mbili mkasahau, mkagombana tena, siku ya tatu mkaanza kwa kupatana. Hakuna mama aliyetoka nje kuamua, si kwa hekima yoyote, ni kwamba tulikuwa na kazi. Nadhani hilo ndilo linalokosekana kwenu zaidi ya kozi. Mtafutie watoto watatu wanne, wasiwe rika moja, awepo wa kumzidi na awepo wa kumlea, mahali pa wazi, na mtu mzima ambaye yupo karibu lakini ana shughuli zake. Akimwagiwa mchanga machoni, toka. Wakibishana sketi, kaa.

Kwa hiyo huyo mwalimu wa Jumamosi, nenda ukamtazame siku moja kabla hujalipa. Ukikuta watoto wanapika pamoja, wanauziana, wanagombana na kupatana, mpe hela yake kwa moyo mweupe. Ukikuta wamekaa kwenye viti wananakili, nunua mpira.

Na wewe ukimkosea, maana utamkosea, mwambie. Siku hiyohiyo, kwa maneno, umechuchumaa awe sawa na uso wako. Usimletee kitumbua.

Juni shule zikifunga mlete, umwache kwangu wiki tatu. Usimwekee ile tableti kwenye begi, nitaikuta. Nitamtuma kwa jirani wa ukuta kuomba chumvi, nami chumvi ninayo. Na wewe nilikuwa nakutuma chumvi ninayo, leo ndio nakwambia. Jirani alikuwa anajua. Alikuwa anakuuliza maswali makusudi, mama anapika nini, anaumwa au mzima, na jioni tunakutana kibarazani ananieleza ulivyojibu, tunacheka. Yule jirani hayupo tena, Mungu amrehemu, lakini binti yake yupo, na nimeshampanga.

Jioni tutategeana vitendawili. Huo mchezo ameshauanza, sijui kama unajua. Jana alinipigia kwa simu yako ukiwa unaoga. "Kitendawili!" Nikasema tega. "Nakilisha usiku kucha, asubuhi kimeshiba, jioni kina njaa tena, na tumbo hakina." Amekitunga mwenyewe. Nikasema taa ya chemli. Akasema hapana bibi. Nikasema jiko. Hapana. Nikasema bahari, maana maji hujaa na kupwa. Akacheka, lakini hakunikatisha, aliniacha nimalize kila jibu mpaka mwisho. Nikamwambia nimeshindwa. "Nipe mji!" Nikampa Pangani. Akasema Pangani padogo, anataka pakubwa. Tukavutana. Mwisho tukapatana nimpe Pangani na Muheza pamoja. Akaanza, "Nilikwenda Pangani, nikafika, watu wakanipokea, wakanipa samaki, wakaniuliza bibi yako yuko wapi, nikasema bibi yangu yupo nyumbani anafikiri..." Alipotaka tu kunipa jibu, simu yangu ikazima.

Mwambie miji amepata, jibu namdai. Aliandike kwenye karatasi kwa mkono wake na ampe kondakta yeye mwenyewe. Wewe simama nyuma.

Mama yako